Tamasha la fasihi mtaani Arusha: mwongozo wa kuliandaa, kikao cha kwanza hadi hesabu ya mwisho

Mwongozo huu ni wa watu watano au saba wa Arusha: mwalimu, mkutubi, mchanaji (rapa) wa Ngarenaro, mama wa kikoba, kijana mwenye kamera. Wamekubaliana kwamba mtaa wao ufanye tamasha la hadithi, mashairi na sanaa, na sasa hawajui waanzie wapi. Nimeuandika kwa tamasha la mchana mmoja, watu 200 hadi 300, bila kiingilio. Mkitaka la siku tatu lenye wageni wa kimataifa, lifanyeni mkishakuwa na mazoea na hili dogo.

Kuna swali moja nitakalolitumia kuamulia karibu kila jambo: aliyekaa mstari wa mwisho amesikia? Ngoma husikika hata kwa jirani asiyealikwa. Hadithi sivyo. Neno moja likimezwa na honi ya bodaboda, kichekesho kimekufa, na watoto wa nyuma wanaanza kusukumana. Matamasha mengi ya fasihi huharibikia hapo, wakati kamati inahangaika na mapambo.

Hatua ya 1: Amueni watu watasikia nini

Kikao cha kwanza kisiguse jina la tamasha, nembo wala rangi ya fulana. Andikeni kwenye daftari nani atasimama mbele, atasema nini na kwa lugha gani. Kwa mchana mmoja mna saa nne za jukwaa, basi. Zinatosha ngano nne au tano, kipande cha mashairi na michano, igizo fupi la shule moja, na waandishi wawili wa kusoma kazi zao. Wachoraji, washona ushanga na wauza vitabu wakae pembeni, waonekane bila kugombania masikio.

Gawaneni kazi hapohapo. Lazima awepo mtu mmoja wa wasimulizi, mmoja wa sauti, mmoja wa barua na vibali, na mweka hazina asiyeona haya kusema hapana.

Hatua ya 2: Tarehe

Masika ya Arusha huanza Machi yakaishia Mei, na vuli hunyesha Novemba na Desemba. Kiangazi cha kati ya hapo ndicho chenu. Ila baridi ya Juni na Julai si ya utani. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki hana hamu ya hadithi tena.

Tarehe 7 Julai inavutia. Ni Sabasaba, siku ya mapumziko, na tangu 2022 huadhimishwa pia kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, baada ya UNESCO kuitangaza Novemba 2021. Ubaya wake ni kwamba shule ziko likizo au ndiyo kwanza zinafunguliwa, hivyo wanafunzi hawajafanya mazoezi, na maafisa mnaowahitaji wako kwenye sherehe za serikali. Wiki ya kwanza ya Agosti iacheni kabisa. Maonyesho ya Nane Nane yanakuwa viwanja vya Themi, kule Njiro, na maturubai, viti na spika za mji mzima huelekea huko.

Chaguo langu ni Jumapili ya mwisho ya Agosti. Shule zimeshafunguliwa, wanafunzi wamepata wiki kadhaa za mazoezi, na baridi imelegea. Darasa la saba msiwaguse, mtihani wao ni Septemba. Chukueni la tano na la sita, na kwa sekondari kidato cha kwanza na cha tatu.

Jumamosi ni ya harusi. Mafundi mitambo, washereheshaji na wapiga picha wote wameshakodiwa, na bei iko juu. Ni siku ya gulio la Tengeru vilevile, na ni Sabato kwa Waadventista, ambao Arusha na Meru si haba. Jumapili asubuhi watu wako kanisani, kwa hiyo anzeni saa nane mchana mmalize saa kumi na mbili, kabla ya giza. Watu wa Ngaramtoni watalalamika kwamba Jumapili ni gulio lao. Watakuwa wamesema kweli, lakini hakuna siku Arusha isiyo na gulio la mtu.

Mkihesabu kurudi nyuma, vikao vianze Aprili. Mvua inanyesha, kazi za utalii zimepoa, watu wako nyumbani na simu zinapokelewa.

Hatua ya 3: Vibali

Kabla ya barua, nendeni kwa miguu mkamwone mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata. Barua iliyotanguliwa na salamu haikai sana mezani. Iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia kwa mtendaji, nakala kwa afisa utamaduni. Ukurasa mmoja unatosha: sisi ni nani, lini, wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, burudani gani, na jina na simu ya mtu mmoja anayewajibika. Afisa utamaduni ndiye mlango wa sanaa katika halmashauri. Yeye atawaambia kama shughuli yenu inahitaji kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Polisi hupelekewa taarifa kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Sheria inataka taarifa ya mkusanyiko wa hadhara ifike angalau saa 48 kabla. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla. Wanafunzi wanahitaji barua yao kwa afisa elimu, hata kama ni Jumapili. Kwa wapishi, mwoneni afisa afya wa kata.

Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na bahasha yenye nakala hizo iwe uwanjani siku ya tamasha, mkononi mwa mtu anayejulikana. Nakala iliyobaki kabatini haimsaidii mtu akija askari kuuliza.

Hatua ya 4: Uwanja

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid unatamanisha, na una haki ya kutamanisha. Sheikh Kaluta Amri Abeid aliyepewa heshima ya jina hilo alikuwa mshairi, na mwaka 1954 alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho wanafunzi wa ushairi wanakirejea hadi leo. Alikuwa pia meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere. Vijana wengi wanaoingia pale kushangilia mpira hawajui kwamba wamekaa kwenye uwanja wa malenga. Lakini kwa watu 200 ni mkubwa mno. Wataonekana kama abiria walioachwa na basi. Heshima ya sheikh mlipeni kwa njia nyingine, nitaieleza kwenye ratiba.

Uwanja mzuri kuliko yote kwa kazi hii ni wa shule ya msingi yenye miti, iliyozungukwa na madarasa pande tatu. Kuta huzuia upepo na kurudisha sauti ndani. Vyoo vipo, geti lipo, na mvua ikiwashtua kuna pa kukimbilia. Mkitaka sehemu ya katikati ya mji, ulizeni Makumbusho ya Elimu Viumbe kwenye lile boma la Wajerumani, au Makumbusho ya Azimio la Arusha karibu na Mnara wa Mwenge. Huko barua iende mapema zaidi. Maktaba ya mkoa nayo ingefaa sana kwa tamasha dogo la watu 60.

Msikubali uwanja kabla ya kuusikiliza. Nendeni Jumapili saa tisa alasiri. Mmoja asimame pale litakapokuwa jukwaa asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine akae mita 15 mbele yake. Kisha nyamazeni wote. Mtasikia kinanda cha kanisa la jirani, baa iliyoanza mapema, kijiwe cha bodaboda, mashine ya kusaga. Vingine vinaongeleka: mwenye baa akiombwa vizuri wiki moja kabla, naye akaruhusiwa kuuza soda uwanjani, atapunguza muziki. Mashine ya kusaga haisikii ombi. Kama msikiti uko karibu, ulizeni adhana ya alasiri ni saa ngapi na muiweke kwenye ratiba kama mapumziko. Ni dakika chache, na msimulizi hatakatizwa katikati ya sentensi.

Viti vipangwe nusu duara, mistari isizidi minane. Mikeka ya watoto iwe mbele kabisa, nyuma yake wazee, kisha wengine. Hadhira iipe magharibi mgongo ili jua la jioni lisiwapige machoni, na msimulizi awe chini ya mti au turubai.

Hatua ya 5: Wasimulizi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Bango la "tunatafuta wasimulizi" litawaletea wachekeshaji. Wanaojua ngano hawajiiti wasimulizi. Watafuteni kwenye vikoba, kwenye vijiwe vya kahawa vya Kaloleni na Majengo, kwa walimu wastaafu, kwenye kwaya. Msiwasahau waongoza watalii. Hao wanaishi kwa kusimulia, na Arusha imejaa wao, ila wamezoea kusimulia kwa lugha za kigeni na kwa watu wanaoondoka kesho. Wapeni mwezi mmoja warudi kwenye Kiswahili chao.

Nendeni nyumbani kwa mzee mkiwa wawili, mmoja wenu awe anafahamika pale. Kwa bibi wa Kimaasai wa Kisongo au Monduli, kijana huinamisha kichwa aguswe kabla ya mengine yote. Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Kwingine shikamoo inatosha. Daftari na simu zibaki mfukoni. Kunyweni chai, ombeni hadithi, sikilizeni hadi mwisho, na mmoja atazame saa bila kuonekana. Mazungumzo yanayofuata mara nyingi huenda hivi (koko ni bibi kwa Kimaasai):

"Koko, hadithi hii wajukuu wa mjini hawajaisikia. Utakuja kutusimulia?"

"Nije, na mbuzi nimwachie nani?"

Swali hilo ndilo mkataba wenyewe. Nani atabaki na mbuzi, nani atamfuata bibi kwa gari na saa ngapi, atafuatana na nani, atakula nini, atarudishwa kabla ya giza au atalala kwa nani. Msipokuwa na majibu, ataitikia kwa adabu na siku ya tamasha hamtamwona.

Kuhusu urefu, ngano moja ichukue dakika 10 hadi 15. Mzee haambiwi afupishe. Mwombeni achague ile aliyokuwa akiwasimulia watoto kabla hawajapitiwa na usingizi, maana hiyo ilishajifupisha yenyewe zamani.

Kuhusu lugha, msiogope Kimaasai, Kimeru, Kichaga au Kiiraqw jukwaani, ila msifasiri sentensi kwa sentensi. Tafsiri ya namna hiyo huua hadithi mara mbili. Mshereheshaji atangulie kwa Kiswahili, dakika mbili tu: wahusika ni akina nani, wamepatwa na shida gani, bila kutoboa mwisho. Kisha hadhira ifundishwe kibwagizo cha wimbo uliomo ndani ya ngano, waimbe hadi wakishike. Baada ya hapo bibi aachwe na lugha yake. Watu hawatajua kila neno, lakini kibwagizo kikirudi wataitikia, na mwisho watamuuliza jirani.

Malipo yasiwe fumbo. Msimulizi, malenga na mchanaji walipwe kiwango kilichoandikwa, siku hiyohiyo, kabla hawajapanda gari, na nauli na chakula viwe nje ya kiwango hicho. Mwenye spika hakuna anayemwambia "utapata jina". Sijui kwa nini mshairi anaambiwa.

Kuhusu kurekodi, ruhusa itangulie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda waandishi na wasanii, na imezikumbuka hata sanaa za jadi. Tengenezeni fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: rekodi itawekwa wapi, nani ataiona, ikiuzwa mwenyewe atapata nini. Asiyesoma asomewe mbele ya mtu wake. Mzee akisema hadithi fulani si ya uwanjani, msimbembeleze. Zipo za jando na za ukoo. Na mkitaka kusoma kipande cha kitabu cha mwandishi mwingine, mwombeni yeye au mchapishaji wake mapema. Ombi la kurasa mbili, likiambatana na ahadi ya meza ya kuuzia vitabu vyake, si rahisi kukataliwa.

Hatua ya 6: Sauti

Mkikodi "mziki" bila kueleza wa nini, fundi atawaletea masabufa ya harusi. Mwambieni mapema: ni maneno matupu. Mnahitaji spika mbili kwenye stendi, miksa ndogo, maiki moja ya stendi na mbili za mkononi zenye betri mpya. Sabufa zibaki stoo. Besi ikizidi, sauti ya mtu husikika kama anaongea ndani ya pipa.

Spika zikae mbele ya maiki, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, zikiangalia hadhira. Zikikaa nyuma ya msimulizi, maiki italia na fundi atapunguza sauti hadi nyuma kusisikike kitu. Watu wakizidi 200, ni heri kuongeza spika mbili ndogo katikati ya uwanja kuliko kupandisha zile za mbele hadi watoto wa mikekani wazibe masikio.

Sasa kuhusu maiki ndogo za kubana kifuani, ambazo mafundi huzipenda. Bibi wa Kimaasai amevaa ushanga wa duara kuanzia shingoni hadi mabegani. Kila akigeuza shingo, ushanga hugonga maiki, na mstari wa mwisho unachosikia ni chakachaka, chakachaka, sauti yake ikiwa nyuma ya chakachaka hiyo. Maiki ya mkononi nayo haimfai. Anasimulia kwa mikono, atapiga makofi, ataonyesha fisi alivyoinama, na maiki itaishia kiunoni. Mpeni kiti na maiki ya stendi fupi, iwe shubiri moja kutoka kinywani na imelazwa pembeni kidogo ili herufi P na B zisilipuke. Agosti kuna upepo, kwa hiyo maiki ivikwe sifongo.

Umeme ukikatika msitegemee bahati. Jenereta ndogo iwe nyuma ya jengo, mbali kiasi kwamba isisikike, na waya mrefu, mafuta yapo, na aliyekabidhiwa amewahi kuiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

Jaribio lifanyike Jumapili ileile asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, na lifanywe na mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mafundi hujaribu kwa "haloo, moja mbili" ya kifua kipana, ambayo haithibitishi lolote. Kumbukeni pia kwamba watu hunyonya sauti: kikisikika vizuri asubuhi, mchana ongezeni kidogo.

Hatua ya 7: Ratiba, mshereheshaji na mgeni rasmi

Anzeni saa nane kamili hata kama waliofika ni thelathini. Ngoma fupi iite walioko njiani, kisha vitendawili. Mshereheshaji akisema "Kitendawili!" na uwanja ukajibu "Tega!", masikio yameshafunguka bila hotuba. Anayeshindwa atoe mji, anayefumbua apate daftari. Dakika 20 hivi, kisha ngano ya kwanza. Ile nzuri kuliko zote iwekeni mwisho ili watu wasiondoke, na ya pili kwa uzuri iwekeni mwanzo.

Baada ya ngano mbili watu wanyooke, waende mezani kwa vitabu, watoto wachore walichosikia. Michoro ining'inizwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila mmoja na jina la mchoraji. Hakuna onyesho la sanaa la bei nafuu kuliko hilo, na wazazi watapiga picha kuliko jukwaani.

Kipande cha mashairi kipeni jina la Sheikh Amri Abeid, na mshereheshaji aeleze kwa dakika moja alikuwa nani. Hapa wakutanisheni malenga na wachanaji. Arusha ni mji wa kuchana. X Plastaz, kundi la hapahapa, waliingiza Kimaasai na nyimbo za jadi ndani ya hip hop na wakasikika hadi Ulaya. Malenga ashushe tarbia: beti za mistari minne, kila mstari mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Mchanaji amjibu kwa hoja ileile bila biti, yaani bila mdundo wa muziki. Sharti la bila biti wachanaji watalipinga, msilegeze. Biti ikiingia, tumerudi kwenye tamasha la muziki.

Watoto wa la tano wapewe kazi ya kuhesabu mizani kwa vidole. Malenga aanze na mstari mwepesi, kwa mfano: "Salamu nawaletea, wenyeji wa Kaloleni." Sa-la-mu-na-wa-le-te-a, vidole vinane. We-nye-ji-wa-Ka-lo-le-ni, vinane tena. Kisha mwalimu abadilishe "Kaloleni" iwe "Ngarenaro" awaulize nini kimeharibika. Mizani inatimia, kina cha mwisho cha -ni kimekufa. Watoto watakigundua kabla ya watu wazima.

Waandishi wanaosoma nathari wapewe dakika tano kila mmoja, yaani ukurasa mmoja na nusu, na wasome mbele ya kamati kabla. Mwandishi mzuri anayesoma akiwa ameinamia karatasi ni mtihani kwa wote.

Mshereheshaji wa harusi msimchukue, hata kama ni binamu wa mwenyekiti. Amezoea kujaza kila pengo kwa kelele, na hadithi inahitaji mapengo. Mwalimu au mtangazaji mtulivu anatosha.

Mgeni rasmi ni suala la kuangaliwa kwa makini. Akiwekwa mwanzo, tamasha linamsubiri, na watoto wanachoka kabla ya neno la kwanza la hadithi. Akiwekwa mwisho, watu wanaondoka wakati anaongea, nayo ni aibu yenu. Mwekeni katikati, baada ya ngano ya pili, dakika tano. Ofisi yake iandikiwe mapema: shughuli inaanza saa nane, mheshimiwa anakaribishwa saa tisa na nusu. Utambulisho wa meza kuu ufanywe na mtu mmoja kwa pumzi moja, "itifaki imezingatiwa", tuendelee. Njia bora zaidi ni kumwomba mgeni mwenyewe asimulie hadithi aliyosimuliwa na bibi yake. Viongozi wengi hufurahia ombi hilo, na hotuba iliyoandikwa ofisini hubaki mfukoni. Fulana na kofia za vyama zisiwepo jukwaani.

Hatua ya 8: Meza ya vitabu

Wachapishaji wengi wa Kiswahili wako Dar es Salaam. Waandikieni mwezi mmoja kabla, mwombe vitabu kwa mali kauli: vinakuja kwa basi, mnauza, mnarudisha visivyouzwa pamoja na fedha. Mkivipokea stendi fungueni boksi palepale mhesabu mbele ya shahidi, na orodha isainiwe. Msichukue zaidi ya mnavyoweza kuvilipia vikipotea.

Vitabu vya watoto viwe vingi kuliko vingine. Mama atasita kujinunulia riwaya, lakini mtoto akishashika kitabu mkononi mazungumzo yameshabadilika. Bei ziandikwe wazi, ziwe za kukata ili chenji isisumbue, na Lipa Namba ibandikwe kwa maandishi makubwa. Vumbi la Agosti huingia kila mahali: kila kitabu nakala moja ya kushikwashikwa, nyingine zibaki kwenye boksi. Waandishi wa Arusha waliojichapishia wapewe meza bila malipo. Mwalikeni pia mtu wa maktaba ya mkoa aje kueleza namna ya kujiunga.

Hatua ya 9: Fedha

Pangeni matumizi kwa mfuatano huu, na pesa ikiisha njiani, kinachofuata kinakatwa: wasimulizi na nauli zao, sauti, viti na turubai, chakula cha washiriki, maji na huduma ya kwanza, matangazo. Fulana ziko mwisho wa orodha, na kwa kawaida hazifikiwi. Kamati zinapenda sana fulana.

Kwa michango, kadi kama za harusi bado zinafanya kazi, zikifuatwa na kundi la WhatsApp ambamo kila anayetoa anaandikwa siku hiyohiyo. Wafanyabiashara waombeni vitu kabla ya fedha: mwenye duka la vifaa vya shule atoe madaftari na rangi, mwenye hoteli chumba kimoja cha mgeni, mwenye kampuni ya utalii gari moja la kuwafuata wazee. Gari liombeni mapema, kwani Agosti ni msimu wa wageni na magari yako mbugani. Kila kinachokodiwa kiulizwe bei sehemu tatu, na malipo ya mwisho yafanyike baada ya kazi.

Matangazo yasiwatese. Tangazo la dakika moja kanisani Jumapili mbili mfululizo, na la msikitini baada ya sala ya Ijumaa, linazidi bango. Ongezeni karatasi kwenye vifodi (daladala ndogo) vya njia yenu na mahojiano ya redio ya hapa mjini, mkienda studio na msimulizi badala ya mwenyekiti.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Watoto wadogo wabandikwe karatasi ya gundi mgongoni yenye simu ya mzazi, na pawepo sehemu moja inayojulikana ya aliyepotea. Vyoo visafishwe na viwe na maji kabla ya saa nane. Mama lishe wakae upande ambao upepo hauleti moshi jukwaani. Makande, ndizi nyama, loshoro (mahindi na maziwa mgando) na chai vinatosha. Anayekaanga chipsi akae mbali zaidi, mafuta yana kelele. Mkimpata mkalimani wa lugha ya alama, asimame karibu na msimulizi mahali penye mwanga. Geti liwe na watu wawili wa kuwaelekeza bodaboda wazime injini nje.

Mtu wa sauti akae mstari wa mwisho muda wote, wala si kwenye miksa pamoja na fundi. Wakubaliane ishara: mkono juu, ongeza, mkono chini, punguza, mikono miwili, kuna kelele, mmoja aende akaangalie.

Baada ya tamasha

Wazee wafike nyumbani kwanza, mengine baadaye. Viti vihesabiwe kabla giza halijaingia, na uwanja wa shule ufagiliwe usiku huo, kwa sababu Jumatatu saa moja asubuhi watoto wana paredi.

Ndani ya wiki moja mweka hazina aweke mapato na matumizi kwenye kundi la wachangiaji, shilingi kwa shilingi, pamoja na picha za risiti. Mtendaji na afisa utamaduni wapelekewe barua fupi ya shukrani yenye idadi ya waliohudhuria. Mkirudi mwakani watawakumbuka. Rekodi ya kila msimulizi iwekwe kwenye flashi au kadi ya simu, ipelekwe nyumbani kwake na ichezwe mbele yake kabla haijawekwa popote mtandaoni. Akitaka kipande kikatwe, kikatwe. Vitabu vilivyobaki virudi stendi vikiwa na orodha ileile iliyosainiwa, na fedha za mchapishaji zitumwe siku hiyohiyo boksi linapopanda basi.